Majeruhi wa Kila Jumamosi

"Mimi damu hainitishi hata kidogo," Loro alitangaza, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, akaongeza sauti. "Nimesoma baiolojia Arua mpaka Senior Four. Mishipa ya mtu naijua kama njia ya kwenda kwetu. Siku ikifika, nyinyi kaeni pembeni mnywe chai. Mimi peke yangu natosha."

Yalikuwa maneno ya Jumamosi alasiri, Machi 2016, katika jiko la kanisa nyuma ya soko la Jebel, mjini Juba. Msemaji alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwembamba kama waya wa chaja, na kazi yenyewe ilikuwa hiyohiyo ya kuchaji simu za watu: meza moja, paneli ya jua moja, nyaya thelathini zilizosokotana kama tambi, na mdomo ambao haukuwahi kuisha chaji. Miguuni alivaa ndala za bluu. Ya kushoto ilikatika mkanda siku nyingi, akaufunga kwa waya wa simu, akawaambia wateja kwamba hiyo ni fasheni mpya kutoka Kampala.

Maneno yake hayo yakumbuke. Yeye mwenyewe angependa sana uyasahau.

Aliyeongoza mafunzo ni Mama Teresina. Alikuwa ameosha vidonda miaka kumi na moja katika zahanati ya wakimbizi huko Adjumani, Uganda, kabla ya kurudi Juba na masufuria yake, na sasa vidole vyake vilipinda kwa ugonjwa wa viungo hata kifuniko cha chupa vilishindwa kukifungua. Alimtazama Loro kuanzia ndala mpaka nywele.

"Kwes, vizuri," alisema. "Kama unajua yote, mwanangu, huna haja ya kujifunza. Lala pale kwenye mkeka. Wewe utakuwa majeruhi."

Loro akalala huku anacheka. Alidhani amepewa likizo.

Yaliyofundishwa yalikuwa machache, lakini Mama Teresina aliyafundisha kama mtu anayepigilia misumari. Mtu akipigwa risasi au chuma pajani, damu yote inaweza kumwagika kabla maji ya chai hayajachemka. Basi chukua lawa, ile shuka ambayo kina mama wa Juba huifunga begani, chana kipande cha upana wa vidole vinne, zungusha juu ya jeraha, weka mufraka, kile kijiti cha kukorogea mchuzi, kisha kinyonge mpaka damu isimame. Vitu hivyo viwili havikosekani katika nyumba yoyote. Kinachokosekana, alisema mama, ni watu.

Kwa hiyo aliwapa maneno. Wa kwanza husema "Naona," anapasua nguo na kulitafuta jeraha. Wa pili "Nabana," anakandamiza kwa ngumi au goti. Wa tatu "Nafunga." Wa nne "Nakaza," huyo ndiye wa kunyonga kijiti. Wa tano "Naandika," anaandika saa kwa mkaa kwenye paji la uso la majeruhi, ili daktari ajue mguu umefungwa tangu lini. Hakuna kugusa kazi yako kabla hujalitamka neno lako kwa sauti.

"Sasa mama, kelele zote hizi za nini?" aliuliza Loku, mwendesha boda boda mwenye shingo ya fahali. "Si mtu afanye tu?"

"Mikono ya mwenye hofu hupotea, Loku. Neno la mwenzako ndilo huirudisha. Na siku neno moja likikosekana, sote tutalisikia shimo."

Keji hakuuliza chochote. Alikuwa mponda kokoto chini ya mlima Kujur, siku nzima nyundo na jiwe, na mikono yake ilikuwa migumu kuliko ya wanaume wengi wa pale. Yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwakusanya watu, akamfuata mama, akaomba jiko kwa padri, wakawa kumi na wawili kwa jumla. Siku ya kwanza kabisa alisimama akasema sababu yake, mara moja tu, wala hakuirudia tena.

"Desemba ile ya 2013, vita ilipolipuka hapa Juba, kaka yangu Saturnino aliletwa nyumbani na jeraha la paja. Tulikuwa watu wazima wanane. Tulimfunika shuka, tukamwombea, tukalia. Nusu saa. Hakuna aliyeugusa ule mguu, kwa sababu kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake. Mimi sitaki tena kuwa kati ya watu wanane wa namna ile. Basi."



Wiki zikapita. Mji ulikuwa na amani ya karatasi, na karatasi yenyewe ilikuwa imeanza kuchanika pembeni. Usiku risasi zilisikika upande wa Gudele, asubuhi watu wakanunua mikate kama kawaida. Kila Jumamosi kumi na wawili wale walikuja, na kila Jumamosi Loro alilala kwenye mkeka.

"Ya Loro, leo si ufunge wewe?" Loku alimwambia mara nyingi.

"Mimi nimehifadhi nguvu za siku yenyewe. Endeleeni kunifunga, mtazoea."

Na walimfunga! Walimfunga wakiwa wamesimama, wamepiga magoti, wamefumba macho kwa vitambaa. Walimfunga huku watoto wa jirani wamealikwa kupiga makopo masikioni mwao, maana Mama Teresina alisema vita haina adabu ya kunyamaza ili ufikiri. Walimbeba ndani ya lawa, watu wanne pembe nne, wakamwangusha mara mbili, mara ya pili juu ya chungu cha maharage. Alirudi mezani kwake na saa imeandikwa usoni, wateja wakamuuliza kama ameanza kuuzwa kwa muda. Siku moja walipokutana asubuhi, Loku aliandika 4, kwa saa za Kiswahili alizozizoea Uganda, mama akampiga kofi la bega: "Saa ya simu! Andika kumi! Daktari akisoma nne atadhani mtu huyu ameumia alfajiri, atakata mguu!"

"Kateni ulimi," alisema mtu, "mguu uacheni."

Aliyekaza mara nyingi alikuwa Keji, na Keji alipokaza, Loro aliruka kama samaki.

"Ya Keji! Unanifunga au unanikamua?"

"Imekaa sawa hiyo," mama alisema. "Sikilizeni vizuri. Asiyelalamika hajafungwa. Mkiona majeruhi ametulia, msifurahi. Rudini mkaze."

"Basi mimi ndiye mwalimu hapa," Loro alisema akijisugua paja. "Bila kelele zangu mngejuaje?"

Walicheka. Yeye mwenyewe alisema kwa mzaha, akasahau. Lakini kila Jumamosi, kwa miezi minne, kitambaa kilikaa mahali palepale: vidole vinne chini ya nyonga, upande wa ndani, pale ambapo Keji alibonyeza kwanza kwa kidole gumba kabla ya kufunga. Loro hakuwahi kufunga mtu hata mmoja. Paja lake ndilo lilihudhuria masomo.

Kisha ikaja Julai.

Vita ilianza Ijumaa katikati ya mji, Jumamosi ikapumua kidogo, Jumapili asubuhi ikaja Jebel yenyewe. Watu walikimbia kila upande, wengine kuelekea kambi ya Umoja wa Mataifa, wengine vichakani, na waliochelewa waliingia popote penye ukuta wa tofali. Katika jiko la kanisa wakajikuta wanne wa lile darasa: Mama Teresina, Loku, Keji, na Loro, aliyekuja na begi lililojaa simu za watu kwa sababu alishindwa kuamua amwachie nani. Wenzao wanane hawakujua walipo. Mabati yalikuwa yanatetemeka juu yao kama yana homa.

"Kaeni chini ya dirisha," Keji alisema. "Loku, lete mifraka yote. Mama, lawa hii ichanwe kabisa sasa, tusisubiri."

"Nani ameumia?" Loro aliuliza.

"Hakuna. Ndiyo maana tunachana sasa."

Keji alikuwa amesimama kukitungua kijiti cha mwisho kwenye msumari wa ukutani. Kombora liliangukia uani, karibu na tangi la maji. Ukuta ulitema tofali mbili ndani, vumbi jeupe likajaa jiko, na lilipoanza kutua Keji alikuwa sakafuni, amekaa, anautazama mguu wake wa kulia kama mtu anayetazama mgeni asiyemtarajia. Sketi yake ilikuwa inabadilika rangi haraka kuliko inavyowezekana.

Na Loro, mjuzi wa mishipa?

Loro aliiona ile damu. Ilikuja kwa mapigo, ikiruka na kushuka, ikiruka na kushuka, sawasawa kabisa na mchoro wa kitabu cha Arua, na hilo ndilo lililomwondoa nguvu. Alirudi kinyumenyume mpaka magunia ya unga, akazunguka nyuma yake, akatapika juu ya gunia la mwisho, kisha akajikunja pale, ngumi mbili kifuani. Alijua kila kitu. Jina la mshipa alilijua kwa Kiingereza. Mikono yake haikutaka kusikia.

"Naona!" sauti ya Loku ilipasuka, kubwa mno, kama anapiga kelele sokoni. Sketi ilichanika. "Naona! Paja, upande wa ndani!"

"Nabana!" Mama Teresina aliweka goti lake zima, uzito wa mama mtu mzima, juu ya nyonga ya Keji. Vidole vyake vibovu vilimshika Keji kiganja. "Nabana, binti yangu. Nipo."

"Nafunga!" Loku akazungusha kitambaa, mara moja, mara mbili, akachomeka kijiti. Mikono yake ilikuwa imelowa, ikateleza. "Nimefunga!"

Kisha kukawa kimya.

Nje palikuwa na kelele za kutosha kuuamsha mlima Kujur, lakini mle ndani palikuwa na kimya, na kila mmoja alikijua kimya kile ni cha nani. Ilikuwa zamu ya "Nakaza". Mwenye neno hilo alikuwa amelala sakafuni, midomo imekuwa ya majivu. Loku alikishika kijiti, lakini akiachia kitambaa kinafunguka. Mama akiondoa goti damu inaruka. Kila mtu pale alikuwa na kazi yake na mikono imejaa. Shimo lilikuwa wazi, la ukubwa wa mtu mmoja.

Loro alilisikia. Jumamosi kumi na sita alikuwa amelala akilisubiri neno lile, kwa sababu baada yake yalikuja maumivu. Mwili wake ulilijua kama mtoto anavyojua hatua za baba mkali mlangoni. Sasa neno halikuja, na paja lake mwenyewe, nyuma ya magunia, likakakamaa kulisubiri.

Hakuamua kusimama. Alijikuta tu yuko upande wa pili wa magunia, ndala moja imebaki nyuma, akarudi kuivaa, sijui kwa nini, hata yeye hajui, kisha akapiga magoti kwenye damu.

"Na... nakaza," alisema. Sauti ilitoka kama ya jogoo mdogo.

"Tamka!" mama alifoka.

"Nakaza!"

Akakishika kijiti, akanyonga. Mikono ilitetemeka hata mufraka ukagonga mfupa wa goti lake. Mara moja, mara mbili. Damu ikapungua mwendo.

"Imesimama," Loku alisema, anahema. "Imesimama, wacha hapo!"

Loro alimtazama Keji. Macho yake yalikuwa nusu wazi, uso umetulia, karibu mzuri, kama mtu anayesinzia kanisani.

"Bado," Loro alisema.

"Imesimama, ya zol, bwana wee, huoni?"

"Hajalalamika."

Akakiachia kijiti kwa mkono mmoja, akajishika paja lake mwenyewe, akatafuta kwa kidole gumba. Vidole vinne chini ya nyonga, upande wa ndani. Pale. Mahali palipowahi kumfanya aruke kama samaki. Kitambaa cha Loku kilikuwa kimekaa chini mno, juu ya goti kidogo tu.

"Tumekosea mahali. Mama, usitoe goti. Loku, legeza, tusogeze juu. Juu zaidi. Zaidi. Hapo! Mimi ndiye najua, nimefungwa hapa mimi! Shika. Nakaza."

Akanyonga. Mara tatu, nne. Mshipa wa shingo ulimtoka. Alinyonga kwa mikono ambayo ilikuwa bado inatetemeka, na ikaendelea kutetemeka mpaka mwisho. Ila ilikuwa inafanya kazi.

Keji alifumbua macho yote mawili.

"Loro!" alipiga yowe. "Mbwa wewe! Toa! Unanikata!"

Mama Teresina alianza kulia na kucheka kwa pamoja. "Mtukane tena, binti yangu. Mtukane vizuri!"

Keji alimtukana vizuri. Alimtukana kwa Kibari, kwa Kiarabu cha Juba, na kwa maneno fulani ya Kiswahili ambayo hayakufundishwa shule yoyote. Sakafuni hapakuwa na tone jipya.

"Naandika," alisema Loro, akachukua mkaa, akatoa simu moja ya mteja kwenye begi, akatazama, akaandika kwenye paji la uso la Keji: 10:20. Saa ya simu.

Milio ilipotulia kidogo, hawakujadiliana. Walimweka Keji ndani ya lawa. Walikuwa watatu kwa pembe nne, kwa hiyo Loro alishika mbili za miguuni, mama akaifunga yake kwenye kiwiko, na kila hatua kumi mmoja wao alisema "Nipo," na wengine wakajibu. Walipita uani penye tangi lililopasuka, wakapita meza ya Loro iliyokuwa imebaki miguu miwili tu, hakugeuka kuitazama. Hawakumwangusha. Njia ile yote ya mawe, chini ya mlima ambao Keji alikuwa ameuponda kipande kwa kipande, hawakumwangusha hata mara moja, hadi wakafika kambini penye madaktari.

Daktari alisoma paji la uso, akatazama kijiti cha mchuzi, akatazama paja.

"Nani amefanya hii?"

Walitazamana. "Sisi," alisema Mama Teresina.

Mguu uliokolewa. Ulipungua nguvu kidogo, ukahitaji fimbo, lakini ulibaki wake.

Novemba, jiko lilifunguliwa tena. Tundu la ukutani lilizibwa kwa debe la mafuta lililonyooshwa. Kati ya wale wanane, watano walikuwa Uganda tena, wawili walirudi, na habari za mmoja mpaka leo hazijapatikana. Mufraka wake ulitundikwa msumarini pamoja na mingine. Wanafunzi wapya walikuja sita. Jumamosi moja Mama Teresina alichelewa kidogo, na Loro, ambaye sasa alikuwa akifunga, akikaza na kuandika kila Jumamosi mpaka mwanafunzi mwingine alilazimika kumwomba zamu, aliona hatari ya wageni kukaa bila hadithi.

"Basi kombora likalia, buum!" alikuwa anasema, amesimama juu ya debe. "Wengine wote wameganda. Nani aliruka wa kwanza? Msiniulize mimi, sipendi kujisifu. Nikaona, nikabana, nikafunga, nikakaza. Mkono huu, uoneni, haukutetemeka hata..."

"Wauone vizuri," sauti ilisema mlangoni.

Keji aliingia polepole, fimbo kwanza, mguu baadaye. Akaketi kwenye gunia, akajipangusa jasho, hana haraka yoyote.

"Ya Keji, karibu!" Loro alisema, akishuka kwenye debe. "Nilikuwa nawaelekeza tu kwa ufupi."

"Endelea. Ila ndugu zangu, mtu aliyelala sakafuni huona vitu ambavyo waliosimama hawavioni. Mimi nilikuwa nimelala. Loku aliniona, mama akanibana. Na mbele ya macho yangu, pembeni ya magunia pale, palikuwa na visigino viwili vinanitazama mimi, vidole vimegeukia ukuta. Nikawa najiambia, Keji, usife kabla hivyo visigino havijageuka. Nilivisubiri muda mrefu."

"Ni vumbi lilikuwa jingi," Loro alisema. "Huenda uliona vya mtu mwingine."

"Huenda," Keji alikubali. "Vilikuwa vimevaa ndala za bluu. Ya kushoto imefungwa kwa waya wa simu."

Wanafunzi wote sita wakainamisha vichwa kutazama miguu ya Loro.